Kibuyu cha Mama Esta Kilichotangulia Kisangani

Tangu turudi, kila anayepita karibu na uzio wetu hapa Muheto anasimama na kuuliza neno moja tu: "Papa Esta, kile kibuyu kilifika?" Hawaulizi kama sisi wenyewe tulifika. Hawaulizi mto ulivyo, wala kanisa la kule, wala tulikula nini. Kibuyu tu. Nimejibu mpaka palizi ya maharagwe imebaki nyuma, na magugu hayana subira kama mimi. Basi nimeketi niandike yote kwa mfuatano, ili atakayeuliza apewe karatasi hizi asome, nami nirudi shambani. Namshukuru Mungu aliyetutoa na kuturudisha, ambaye, naamini, alicheka pamoja nasi njiani.

Kwenye kijito

Mke wangu, Mama Esta, anachota maji katika kijito kilicho chini ya shamba letu tangu alipoletwa kwangu bibi arusi. Humo alibatizwa, na binti yetu Esta alibatizwa humo. Siku moja mkwe wetu Bahati, mume wa Esta, alimwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha ili mama mkwe asikie kutoka jikoni, kwamba maji ya kijito kile hayapotei. Yanaingia Mweso, Mweso unaingia mto mwingine, na huo unaingia mwingine, mpaka yote yanaanguka juu ya mawe makubwa kule Kisangani. Bahati anajua. Ni shofere wa kamyo. Hupeleka maharagwe ya Masisi huko, hurudi na chumvi, sabuni na mawese.

Mama Esta aliacha kupepeta.

"Maji yangu inafika fasi mimi sijafika?"

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alipochota maji aliyaangalia yanayopita jinsi mtu anavyomwangalia mtoto anayekwenda shule ya mbali. Mwishowe Bahati akamtuma Esta aseme: kamyo ina nafasi, twendeni sote, mkaone mji ule wa zamani na maji yenyewe.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali pamoja, mpaka mkwe alete mbuzi wa kufungua uso. Na mbuzi huyo haletwi na mkwe peke yake kama mtu anayetoka sokoni. Wazee wa ukoo wake ndio wanaomleta. Harusi ya Esta ilifungwa katika miaka ile ya kukimbia vita, na wazee wa Bahati walikuwa bado wametawanyika, hawajarudi. Kwa hiyo mbuzi alikuwa bado. Kuna vijana kanisani wanaosema mambo haya si ya Kikristo. Nimetafuta katika Maandiko nione yanapokatazwa, sijaona, na nimeona nyumba nyingi zilizolindwa na heshima.

Mama Esta akaweka sharti mbele yetu sote: "Nitaenda. Lakini siku Bahati anaona uso wangu mbele ya mbuzi, siku ile ile nashuka, narudia Muheto kwa miguu."

Nimeishi naye miaka mingi. Akisema miguu, ni miguu.

Jumapili, baada ya ibada, alichukua kibuyu kidogo, akakichoma alama ya msalaba shingoni kwa msumari wa moto. Akatia ndani maharagwe ya kwetu, akakiziba kwa gunzi na nta, akakiachilia majini. Nusu ya kanisa ilikuwa ukingoni.

"Enda," alikiambia. "Tutaona nani atafika wa kwanza."

Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitaficha.

Muheto hadi Kalembe

Asubuhi tuliondoka hivi: Bahati kwenye usukani, mimi kando yake, Mama Esta na Esta juu ya magunia ya maharagwe, Mama amejifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni. Kila kamyo iliposimama, Bahati alikohoa kwanza, akahesabu pumzi, ndipo akafungua mlango, ili aliye juu apate kugeuka. Shofere mwingine angekuwa amechoka kwenye kilima cha kwanza. Yeye alikohoa kwa adabu mpaka Kalembe.

Pale Kalembe tulikuta mbao za daraja zimetolewa, mafundi wanaweka nyingine. Wakasema tungoje kidogo. Kidogo ya mafundi wa daraja ninyi mnaijua. Tulikula viazi vyote tulivyobeba. Mama Esta akateremka mpaka Mweso, walikokuwa akina mama wakifua nguo.

"Wadada, hamukuona kibuyu inapita hapa?"

"Kibuyu ya pombe ao ya maji, Mama?"

"Ya safari. Iko na musalaba."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Kama iko na musalaba, njo ile iliyopita asubuhi inaimba!" Wakacheka mpaka sabuni ikawaponyoka. Lakini mwenye sabuni, alipokwisha kuifukuza majini, alikuja akamshika Mama mkono na kumwambia: "Mi natania tu. Kikipita nitakisalimia."

Mama alirudi juu ya magunia amefurahi sana. "Tuko mbele," alimwambia Esta. "Tumekishinda!"

Kalembe hadi Kibua

Mama alisema mapema mno kwamba tumekishinda. Mvua ya kuingia msituni si mvua ya kwetu milimani inayokuja na kupita. Ile inakuja na mizigo yake, inahamia. Turubai lilikuwa moja, nalo ni la maharagwe, kwa sababu binadamu akilowa anakauka, haragwe likilowa linaota. Tulikwama katika matope, tukasukuma, tukakata matawi, tukakwama tena mbele kidogo, mahali ambapo bado tulikuwa tunaona yale matawi ya kwanza. Nikiwa nasukuma nilianza wimbo wa kanisa, na vijana wa kijiji waliokuja kusaidia wakaupokea kwa maneno yao wenyewe, ambayo sitayaandika.

Tulipofika Kibua, Mama Esta alikuwa anatetemeka na goti lake limevimba. Mama mmoja mwenye nyumba ya kando ya barabara alituita tuote moto. Jina lake Mama Nyota, mkulima, sauti yake inatosha watu wawili. Akatupa ndizi za kuchoma na nyama iliyokaushwa juu ya moshi, nyeusi, tamu ajabu.

"Ni nyama gani, Mama?" nikauliza.

"Kula kwanza, Papa."

Nikala. Nikauliza tena.

"Ulikula vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi kwa nini unatafuta matata?"

Mpaka leo sijui. Nilimshukuru Mungu kwa jumla.

Bahati alitaka kuingia ajikaushe. Mama Nyota akamzuia mlangoni kwa mwiko. "We njo mukwe? Mama mukwe iko ndani anakula. Bakia inje!" Basi mwenye kamyo akala chini ya ukingo wa paa, mgongo wake ndani ya mvua, sahani yake kifuani. Huko Kibua wanashika desturi kuliko sisi.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa gumu. Mama asingeweza kurudi juu ya magunia na homa ile. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, kando ya shofere. Esta angekaa katikati yao, lakini ana mimba, na harufu ya mafuta ya gari ilimtapisha hata kabla injini haijawaka. Mama Esta akavua viatu vyake, akavifuta, akavifunga pamoja kwa kamba.

"Kuna wamama wanapanda Masisi kesho na ndizi," alisema. "Nitaenda nao. Muniletee maji katika chupa."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na nilimwona anaangalia nje ya mlango, upande ule mto ulikokwenda. Nikasimama nje nikamwomba Mungu. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu: Bwana, amechota maji yale maisha yake yote.

Niliporudi ndani, Mama Nyota alikuwa anakunja mkeka wake wa kulalia.

"Nyinyi watu wa juu muko na akili ya maharagwe," alisema. "Mukeka si ukuta?"

Kibua hadi kwenye bariyeri

Mkeka ulisimamishwa ndani ya kamyo, katikati ya viti, umefungwa juu na chini kwa kamba za mgomba. Huku Bahati, huku Mama Esta. Heshima ilikuwa kamili. Ila Bahati hakuona tena chochote cha upande wa kuume: wala kioo, wala shimo, wala mbuzi wa watu.

Mimi na Esta tulikuwa juu ya magunia, chini ya ncha ya turubai. Tulipita Walikale, tukaingia msitu ambao miti yake inashikana mikono juu ya barabara. Na kutoka ndani ya kamyo nilisikia jambo la kunitoa machozi. Mke wangu alikuwa anaomba kwa sauti kuu, na mkwe wangu anaitika.

"Ee Bwana!"

"Amina!"

"Bwana, Bwana, Bwana!"

"Amina, Amina!"

Huyu Bahati, niwaambie, ni kijana mwema lakini kanisani hulala. Nikamshika Esta mkono. "Unasikia, binti yangu? Roho ameshuka. Mume wako ameguswa."

Esta akaweka sikio kwenye tundu la nyuma la kamyo. Akasikiliza. Kisha akajifunika uso kwa gunia tupu, mabega yanaruka.

"Papa, kuya usikie mwenyewe."

Nikasogea, nikasikia vizuri.

"Ee Bwana unayeona yote," mke wangu alikuwa anasema, "unaona ile shimo kubwa kuume, mbele ya muti wenye kuanguka?"

"Amina!" Kamyo ikaenda kushoto.

"Bwana, wambie watu wako kuna bata tatu na mama yao."

"Amina!" Breki.

"Na umukumbushe mutumishi wako kwamba kuna watu juu ya magunia, si maharagwe peke yake."

"Amina, Bwana, nimesikia, mutumishi anapunguza."

Hivi ndivyo hawakusemezana hata neno moja, kwa mamia ya mashimo. Nilijiuliza kama ni dhambi kulitumia jina la Bwana kwa habari za bata. Kisha nikaona kwamba kamyo ilikuwa bado iko barabarani, nasi tuko wazima, na maombi mengi ninayoyasikia Jumapili hayana faida kubwa kuliko hiyo. Nikaitika Amina nami.

Kwenye bariyeri askari walitusimamisha. Mkubwa wao, mtu wa upande wa magharibi wa nchi yetu kwa sura na matamshi, akachungulia ndani, akauona mkeka.

"Nani iko pale nyuma?"

"Mama," Bahati alijibu.

"Mama gani anafichwa kama mizinga ya nyuki? Toa mukeka!"

"Shefu, siwezi."

"Huwezi? Mimi nitatoa!"

Nyuma ya mkeka sauti ikapanda: "Bwana, kama huyu mutoto wa watu anatoa hii mukeka, mimi nashuka hapa hapa, na Kisangani sitaiona tena!" Na nikasikia mlango wa kuume unatafutwa kitasa. Askari aliruka nyuma, bunduki mkononi. Niliteremka magunia kwa tumbo, nikaja na kofia yangu kifuani.

"Shefu, mwanangu, huyu ni mke wangu. Na huyu shofere ni mkwe wake. Mbuzi bado."

Akaniangalia. "Mukwe? Ni bokilo yake?" Neno hilo ndilo mkwe kwa lugha ya kwao.

"Ndiyo. Bokilo."

Ingekuwa nimesema kuna chui, asingekimbia hivyo. Aliachia mkeka kama umemchoma. "Bokilo! Na nyinyi munaniacha nishike!" Akawageukia askari wake. "Wote, geukeni! Angalieni pori! Bokilo anapita!" Na kikosi kizima kikageuka kikaangalia miti, mgongo kwetu, na yeye mwenyewe akainua mti wa bariyeri huku amefumba macho. Tulipopita alipiga kelele kuelekea msituni: "Mama, mutusamehe! Hata mimi, yangu akionekana, naingia mu majani!"

Kwenye baki

Juu ya mto mmoja hapana daraja, kuna baki, kile chelezo cha chuma kinachovusha magari. Baki ilikuwapo. Mwenye kuiendesha hakuwapo. Alikuwa ameenda kumwoza dada yake. Tulingoja siku mbili pamoja na kamyo nyingine na ng'ombe mmoja. Tulikula makemba, zile ndizi kubwa za kupika, na samaki, samaki na makemba, nami niliongoza ibada ya asubuhi, ambayo ng'ombe alihudhuria bila kukosa. Homa ya Mama iliisha pale. Lakini kila alipoyaangalia maji alisema: "Papa Esta, sisi tumekaa. Kile hakikai." Na Bahati, nyuma ya kamyo yake, alisikia.

Kisangani

Tulifika asubuhi, na Bahati akamtuma Esta aseme kwamba tuna siku hiyo moja tu, kesho anapakia chumvi na kurudi. Basi nikatembea katika mji ule haraka kama mtu anayeiba. Niliona nyumba za zamani zenye baraza pana, barabara zilizonyooka hata unaona mtu leo atakayekufikia kesho, na kanisa kubwa la matofali ukingoni mwa mto, ambamo nilivua kofia nikakaa kidogo. Kuta nyingi zilikuwa bado na vitundu vya risasi vya ile miaka. Mtu mmoja alikuwa juu ya ngazi anaviziba kwa saruji, kimoja kimoja, akiimba. Nilimwambia, "Mungu akubariki." Akasema, "Asante Papa, lakini sogea, saruji inaanguka."

Mama Esta hakuangalia chochote. "Nyumba tuko nazo," alisema. "Maji iko wapi?"

Akina Wagenia, wavuvi wa pale, walituvusha kwa mtumbwi mpaka kwenye mawe. Ninyi mliozoea maporomoko yetu ya milimani, yafikirieni yakiwa yamelala chini na kunyooka upande hadi upande kama uwanja, yakinguruma. Juu ya maji wavuvi wamesimamisha miti mirefu ya kufunga mitego, vikapu vikubwa kama nyumba za kuku. Bahati alikaa kwenye jiwe la mbali, mgongo kwetu, kwa heshima.

Mama aliinama, akateka kwa kiganja, akaonja.

"Iko na tope," alisema. "Imechanganyika na ya kila mutu." Akacheka. Kisha akainua kichwa akayaangalia yote, kutoka ukingo huu mpaka ule, na kicheko kikamwishia. Alikaa juu ya jiwe. Hakulia, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta kitu mapajani.

"Papa Esta, nilifikiri mto ni kama mto. Hii ni kubwa sana. Kitu kidogo ya Muheto haiwezi kuonekana hapa."

Nilitaka kutaja shomoro ambaye Baba haachi kumwona.

Papo hapo mvuvi mmoja alipiga kelele: "Ee Mama! Kibuyu yako ya milimani imefika! Iko na musalaba!"

Tukageuka sote. Kikapu kilikuwa bado kiko ndani ya maji. Mwenzake akamkanyaga mguu. "Ah," yule akasema, "nilitaka kusema, ngoja tuone." Wakavuta kamba, kikapu kikatoka, na ndani yake kibuyu.

Mama alipewa mkononi. Akakitazama. Kilikuwa kipya, kikubwa kuliko chake. Msalaba ulichorwa kwa makaa, tena tumboni si shingoni, nao ulikuwa unateremka na maji kwenye vidole vyake. Akang'oa kizibo, akamimina kiganjani. Karanga.

Esta alishika mdomo wake. Wale wavuvi wakawa wanaangalia juu, kama kuna ndege. Nami nikaona mke wangu anasimama, kitenge kinamshuka kutoka kichwani mpaka mabegani. Anapita juu ya mawe na goti lake bovu, moja kwa moja hadi kwenye jiwe la Bahati, anazunguka, anasimama mbele ya uso wake.

"Bahati mwanangu," alisema, "maharagwe yangu imegeuka karanga?"

Kijana hakujua aangalie wapi. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Mama, nisamehe. Ulikaa siku mbili kwenye baki unahuzunika. Nilitafuta mu soko yote. Maharagwe ya kwetu hakuna."

"Inua macho."

"Mama, mbuzi bado."

Akakiinua kile kibuyu, msalaba wote umekwisha kuyeyukia mkononi mwake. "Mbuzi gani tena? Hii njo mbuzi yangu. Wazee wako wakirudi, nitawaambia mbuzi ilishafika. Inua macho, mutoto wangu, nikuone. Esta ananiambia uko muzuri, mimi najua kikohozi chako tu!"

Akainua macho. Walitazamana hivyo, na nawaambia kweli, wote wawili wakaanza kucheka kwa pamoja, kisha Esta, kisha mimi, na wavuvi wale ambao ndio waliokuwa wameharibu kila kitu wakacheka kuliko sote. Tulikaa juu ya mawe, maji ya Muheto na ya watu wote yakinguruma pembeni, tukala zile karanga kutoka kiganja kimoja. Nilitoa shukrani. Bahati aliitika Amina, na safari hii hapakuwa na shimo.

Kurudi

Mkeka tuliuteremsha Kibua, kwa mwenyewe. Mama Nyota alipowaona mkwe na mama mkwe wameketi bega kwa bega, aliinua mwiko wake, ikabidi Mama Esta amwonyeshe kibuyu na kumsimulia yote ndipo aushushe. Njia iliyobaki hawakunyamaza hata kidogo. Mke wangu alikuwa na maneno ya miaka yote ya kumwambia kijana huyo, hasa juu ya mwendo. Mimi juu ya magunia ya chumvi nilianza kutamani ule mkeka.

Tulipofika Muheto, Bahati alisimamisha kamyo kwenye kivuko cha kijito, chini ya shamba letu, achukue maji ya injini. Tukasikia anaita: "Mama! Kuya! Kuya mbio!"

Kilikuwa pale. Kwenye kona ya kwanza, katika matete, mahali ambapo ukisimama unasikia tukiimba kanisani. Kibuyu kidogo, msalaba wa moto shingoni, kizibo na nta yake. Kilikuwa hakijavuka hata mpaka wa shamba letu. Bahati akakunja suruali, akaingia majini, akakitoa, akampa Mama Esta mkononi, mkono kwa mkono.

Kwa hiyo ninyi nyote mnaouliza, jibu ni hili: hakikufika. Alikitikisa, maharagwe yakalia ndani, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Kisha akaingia mwenyewe majini hadi magotini, akapita yale matete, akakiweka katikati ambapo maji yana nguvu.

"Enda sasa, muvivu," alikiambia. "Kule wanakungojea. Nimeshawaambia uko njiani."